Uzi maalumu: Kuivua kava pikipiki ya spoti ikabaki wazi. Kazi yenyewe iko wapi?

Kipanga wa Kigamboni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Haipiti muda humu bila mtu kuleta picha ya CBR ya Honda au GSX-R ya Suzuki iliyolala ubavu, kava (zile plastiki zinazoifunika mbele na pembeni) zimechanika, taa inaning'inia kwa waya mmoja, anauliza wapi atapata kava nyingine. Nusu ya wachangiaji watamwambia aagize za Kichina, nusu nyingine watamwambia apige faiba na rangi. Njia ya tatu haizungumzwi sana: ng'oa plastiki zote, weka taa ya duara na hendeli pana, pikipiki ibaki wazi, injini ionekane. Ninayo CBR600F ya 2001, ile ambayo Honda wanaiita kwa namba PC35, ya injekta, niliinunua kava zake zikiwa zimeshaharibika. Sasa iko hivyo, na ndiyo naendea kazini.

Nimeamua kuandika kwa sababu video za mitandaoni zinadanganya kwa kukata vipande. Mtu anafungua bolti, muziki unapiga, pikipiki inatoka imekamilika. Kufungua plastiki hata mdogo wako anaweza. Jasho linakutoka kwenye hendeli na vyote vinavyoambatana nayo, kwenye waya za mbele, na kwenye taa.

Kabla ya hayo, jambo moja la kupima. Mtindo huu ulianzia kwa vijana wa Ulaya, hasa Ujerumani na Uingereza, miaka ya 80 kuelekea 90. Suzuki ilikuwa imetoa GSX-R750 mwaka 1985 na 1100 mwaka uliofuata, pikipiki kali, zikawa zinaanguka, na kava mpya dukani bei haishikiki. Wakaziacha bila kava, wakapandisha hendeli, maisha yakaendelea. Viwanda vikaona soko. Ducati ikatoa Monster mwaka 1993, Miguel Galluzzi akiwa ameichora kwa kuunganisha vitu vilivyokuwa tayari kwenye pikipiki zao nyingine. Triumph Speed Triple ya 1997 ikaja na taa mbili za duara kama ambavyo watu walikuwa wanajitengenezea gereji. Honda nao 1998 wakatoa Hornet 600, injini yake ni ya ukoo wa CBR600F, imerekebishwa ivute vizuri zaidi mizunguko ya kati.

Kwa hiyo kama kava zako ni nzima na kiwanda kimeshatengeneza ndugu wa wazi wa pikipiki yako, uza hiyo, nunua ndugu yake. Hutaweza kuifanya kazi hiyo gereji vizuri kuliko wao, na ile yenye kava nzima ina wanunuzi. Kuvua ni kwa pikipiki iliyokwisha kuanguka. Najua wapo watakaobisha.

HENDELI. Pikipiki ya spoti ina hendeli mbili fupi zilizobana kwenye shokapu za mbele. Ukitaka bomba moja pana lazima upate pa kulikalisha. Kuna wanaonunua kibano cha juu (kile chuma kinachoshika vichwa vya shokapu mbili za mbele) kilichotengenezwa tayari na sehemu ya kushikia bomba, na kuna wanaotoboa kile cha asili na kufunga viinuzi. Mimi nilinunua. Kutoboa sikatai, ila kibano hicho ni aluminiamu na si kila mahali pana unene wa kutosha. Kama unatoboa, apime fundi wa mashine ya kukereza, si mtu mwenye drili ya mkononi. Na kwenye PC35 hendeli za asili zimekaa juu ya kibano, kwa hiyo ukizitoa utaona vichwa vya shokapu vimechomoza. Usishawishike kuzishusha zilingane na kibano ili ipendeze. Urefu huo ndio unaoamua mbele pakae juu au chini, na usukani utabadilika tabia.

Hendeli ikishapanda, kila kitu kinakuwa kifupi: paipu ya breki, waya wa klachi, waya za mafuta (zile zinazovutwa ukizungusha mkono wa kulia), hata waya za swichi. Paipu ya breki usiunge. Nunua ndefu, ile ya wavu wa chuma, weka washa mpya za shaba kwenye bolti zake, jaza oili ya breki ya DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, toa hewa mpaka lever iwe ngumu. Namna ya kujua kama urefu unatosha: inua mbele gurudumu lining'inie, shokapu zikiwa zimenyooka kabisa, kisha kata usukani mwisho kushoto na mwisho kulia. Paipu isivutike popote. Halafu washa injini ikiwa imesimama, kata tena kushoto na kulia. Sailensa (muungurumo wa injini bila kuipa mafuta) ikipanda hata kidogo, waya za mafuta ni fupi au zimepita njia mbaya, na siku moja itakuondoka ukiwa unageuza kwenye foleni. Angalia pia ngumi yako isibanwe kati ya hendeli na tanki.

WAYA. Ukitoa kava ya mbele utakuta kifremu cha chuma kilichobeba taa, dashibodi na vioo, na nyuma yake soketi nyingi kuliko ulivyotarajia. Usikate kitu. Piga picha kila soketi, iandike jina kwenye karatasi ya gundi. Kwenye Honda hii kuna sensa ya kuanguka, imefungwa huko huko mbele. Kazi yake ni kuzima injini pikipiki ikilala. Ukiiacha inaning'inia au ukaifunga kwa upande, pikipiki haiwaki, na utabadilisha plagi, betri na pampu ya mafuta bure. Ifunge wima, upande uleule uliokuwa ukitazama juu. Aina nyingine wanaiweka chini ya siti, hao hawana shida hii.

TAA nitaifafanua chini kwa sababu najua maswali yatakuja. Karibuni.

Mzee wa Spana

Mkuu umeandika vizuri, lakini umeruka kitu ambacho sisi mafundi tunakutana nacho kila wiki. Bolti. Vile vyuma vinavyoshika kava za pembeni, kwenye pikipiki nyingi vimefungwa kwa bolti ileile inayoshika injini kwenye fremu. Mteja anatoa chuma, anarudisha bolti ndefu mahali pembamba, inafika mwisho wa nyuzi kabla haijabana. Kwa mkono unaiona imekaza. Injini inacheza. Ama weka washa ya unene uleule wa chuma ulichotoa, ama tafuta bolti fupi ya daraja lilelile la ugumu, na ukaze kwa spana ya kipimo. Bolti za mtaani zisizo na namba kichwani msiziweke kwenye injini, nawaombeni.

La pili: kava ya chini ilikuwa inakinga vifuniko vya injini. Sasa pikipiki ikilala, kinachogusa lami kwanza ni kifuniko cha stata (ile koili ya kuzalisha umeme) upande wa kushoto au cha klachi upande wa kulia. Kikipasuka oili inamwagika, na mara nyingi inaishia kwenye tairi la nyuma. Weka vigumba vya plastiki ngumu vya kukinga, vile virefu, tena visifungwe kwenye bolti ya kubahatisha.

Kipanga wa Kigamboni

Shikamoo mzee. Hapo kwenye bolti nakubali mia kwa mia, nilipaswa kuanza nalo. Wasomaji, rudieni aya ya kwanza ya mzee kabla hamjagusa spana.

Nairobi_Kumi_na_Tano

Sasa wakubwa. Mimi niko Nairobi, niko na Yamaha R15, ile ya cc 155. Kava ya upande imepasuka na kuna msee pale Kirinyaga Road ananiambia ataitoa zote na kuweka taa ya MT-15, ile Yamaha isiyo na kava, inakuwa MT kabisa. Ni kweli ama ananichezea?

Kipanga wa Kigamboni

Kaka, ni kweli kwamba MT-15 imetoka kwenye R15: injini ni ile ya cc 155 na fremu ni ya ukoo mmoja. Lakini taa ya MT-15 ina mabano yake, hendeli yake imekaa kwenye kibano chake, dashibodi yake ina soketi zake. Ukizijumlisha zote, pamoja na ufundi, unakaribia tofauti ya bei kati ya hizo mbili. Kava moja iliyopasuka, kwa pikipiki ndogo inayopatikana sana, ningebadilisha hiyo moja tu nikaendelea na safari. Mwulize huyo fundi swali moja: paipu ya breki ataipata wapi ndefu? Akikwambia ataunga, ondoka.

Nairobi_Kumi_na_Tano

Haha, alisema ataunga. Asante boss.

Dada Throtoli

Habari zenu. Mimi naendesha ya spoti cc 600 Arusha, sina shida na kava, shida yangu ni viganja na shingo. Safari ya Moshi na kurudi nafika mikono imekufa ganzi. Je, nikibadilisha hendeli tu nikaacha kava, haiwezekani? Maana naona wote mnaongelea kuvua kila kitu.

Kipanga wa Kigamboni

Dada, inawezekana kwa kiasi. Kuna viinuzi vinavyopandisha hendeli zako fupi sentimita mbili tatu bila kugusa paipu wala kava, na kwa mtu wa viganja hizo sentimita ni nyingi. Hendeli pana nzima ukiacha kava, utakuta inagonga kioo cha mbele au kava ya ndani ukikata usukani. Hapo ndipo watu wanaanza kukata plastiki kwa msumeno, inakuwa si ya spoti wala ya wazi.

Na nikwambie upande wa pili ambao wauzaji wa hendeli hawausemi. Pikipiki ya spoti imeundwa uinamie mbele, na upepo wa mwendo unakubeba kifua, unapunguza uzito kwenye viganja. Ukikaa wima bila kava, mjini utafurahi. Barabara kuu ukivuka 100, upepo unakupiga kifuani na unashikilia hendeli usirudi nyuma. Mikono inapona, mabega na shingo vinachukua zamu. Kioo kidogo juu ya taa kinasaidia kidogo, kisikudanganye. Kwa safari za Arusha na Moshi ningeanza na viinuzi, na kuangalia kama shokapu na siti zimerekebishwa kwa uzito wako.

Mbishi Mkuu

Mimi ndiye wa kubisha. Mnaharibu pikipiki. Honda walikaa na mashine za upepo wakapima kila kona ya hiyo kava, nyie mnakuja na spana namba kumi mnatupa. Rejeta ilikuwa inapelekewa upepo na kava, sasa unapita pembeni. Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, joto la Dar, mtaona.

Kipanga wa Kigamboni

Hoja ya rejeta ni ya kweli, nakupa. Kwenye pikipiki nyingi za spoti kava za pembeni zinalazimisha upepo upite kwenye rejeta badala ya kuizunguka. Ukizitoa, mwendo mkubwa upoaji unapungua. Ndiyo maana wengine wanaweka vibati viwili pembeni ya rejeta. Lakini foleni ni habari nyingine: ukiwa umesimama hakuna upepo, uwe na kava usiwe nayo, kinachopoza ni feni. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kuvuliwa kwa kava, hakikisha feni inawaka, maji ya rejeta ni ya kupozea yaliyochanganywa, si ya bomba, na kifuniko cha rejeta kinashika presha. Kifuniko kikichoka maji yanachemka mapema hata kama rejeta ni mpya.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni mawe na tope. Rejeta sasa iko uchi nyuma ya gurudumu la mbele. Weka wavu. Na kichupa cha maji ya akiba, ambacho kwenye pikipiki nyingi kilikuwa kimefichwa ndani ya kava, kitafutie mahali pa kukaa wima, mbali na joto la eksozi. Nimeona mtu kakitupa kabisa kakielekeza kijibomba chini. Pikipiki ikipata moto inamwaga maji, ikipoa inavuta hewa.

Kuhusu mashine za upepo: kava ile ilipimwa ikiwa nzima, mkuu. Iliyofungwa kwa zipu za plastiki kila kona hakuna aliyeipima.

Mbishi Mkuu

Hiyo ya zipu umenipata. Lakini bado siungi mkono.

Mswahili wa Hamburg

Wakuu, nawasalimu kutoka huku. Nichangie mawili, moja la sheria na moja la taa, kwa sababu naona mmeahirisha taa.

Huku Ujerumani mtindo huu ndio kwao, lakini huwezi kufunga hendeli yoyote ukaingia barabarani. Kifaa lazima kiwe na kibali chake cha jumla kinachoitaja pikipiki yako, au uende kwa wakaguzi, TÜV na wenzao, waikague na iingizwe kwenye hati. Hendeli, hata paipu za breki. Ukipata ajali na kifaa hakimo kwenye karatasi, kampuni ya bima inapata pa kukushika.

Sasa taa, na hapa nisikilizeni vizuri nyinyi mnaoendesha kushoto. Taa ya kawaida ya Ulaya bara imetengenezwa kwa wanaoendesha kulia. Mwanga wa chini umepandishwa upande wa kulia ili kuangaza ukingo wa barabara. Ukiifunga Tanzania au Kenya, ule upande uliopanda unamchoma machoni anayekuja mbele yako. Kushusha taa hakuponyi, unajipunguzia tu mwanga. Tazameni kwenye kioo cha taa: ukisimama mbele ya taa ukaitazama, taa ya wanaoendesha kushoto ina mshale unaoelekea mkono wako wa kulia. Isiyo na mshale kabisa kwa kawaida ni ya wanaoendesha kulia. Yenye mshale wa pande mbili inarekebishika kwa zote mbili. Ile herufi E yenye namba ndani ya duara ni nchi iliyotoa kibali tu: E1 ni Ujerumani, E11 ni Uingereza. Namba hiyo peke yake isiwadanganye, tafuteni mshale. Taa iliyotoka kwenye pikipiki ya soko la Japani au Uingereza iko sawa kwenu kwa sababu nao wanaendesha kushoto.

Kipanga wa Kigamboni

Mchango wa maana sana huu, asante ndugu. Kuna taa nyingi za duara madukani Kariakoo hazina alama yoyote, si E wala mshale. Hizo mulika ukutani usiku kabla ya kununua: mwanga wa chini uwe na ukingo uliokatika wazi, kushoto ukipanda kidogo. Ukiona wingu la mwanga lisilo na ukingo, rudisha. Taa ya balbu ya H4 ya wati 60/55 inatosha sana mjini, ilimradi umeme wake upitie rilei (kifaa kinachobeba umeme mkubwa kwa niaba ya swichi), usipitie swichi moja kwa moja. Na mabano ya taa ya kubana kwenye shokapu nunua kwa kipimo: kwenye PC35 shokapu ni milimita 43, toleo lililotangulia ni 41. Mabano ya 41 yakilazimishwa yanapasuka, ya 43 kwenye 41 yanazunguka na taa inatazama chini kila ukipita tuta.

Kijana wa Ubungo

Kaka samahani, swali la upande wa kadi ya usajili. Hapa kwetu TRA (Mamlaka ya Mapato) watasumbua? Maana kadi yangu imeandikwa rangi nyekundu, na nyekundu yote ilikuwa kwenye kava. Nikitoa inabaki nyeusi na tanki tu.

Kipanga wa Kigamboni

Mdogo wangu, namba ya chesisi na namba ya injini hazijabadilika, hivyo pikipiki ni ileile. Rangi ndiyo iliyomo kwenye kadi. Ukiacha tanki na mkia vyekundu huna la kueleza. Ukipaka nyeusi yote, nenda ukabadilishiwe rangi kwenye kadi, usisubiri askari akuulize njiani au ufike siku ya kuuza mnunuzi aanze kuhisi ya wizi. Na kama una bima kubwa, si ile ya mtu wa tatu, waandikie wakala wako kwamba umebadilisha hendeli na taa, ubaki na nakala.

Mzee wa Spana

Naongezea kwa hao wanaopenda kupunguza jino mbele. Mkishavua kava mnataka pikipiki irukeruke, mnakuja kuomba sproketi ndogo. Sawa, inaongeza nguvu ya kuondokea, na kwa kuwa bila kava hamfiki tena mwendo ule wa juu, hampotezi kikubwa. Ila kwenye hizo ambazo spidi inasomwa kutoka kwenye gia boksi, dashibodi itaanza kusema uongo. Kutoka meno 16 kwenda 15, inaposoma 80 mnakwenda 75 hivi. Afadhali uongo wa upande huo mbele ya tochi za trafiki kuliko upande wa pili. Na msiweke sproketi mpya kwenye cheni iliyochakaa, itaila haraka.

Dada Throtoli

Mzee shikamoo. Nimewapata wote, naanza na viinuzi. Swali dogo la mwisho: indiketa. Rafiki yangu kaweka za LED, sasa zinapiga haraka kama ambulensi. Ni waya mbaya?

Mzee wa Spana

Marahaba binti. Si waya. Flasha, kile kifaa kinachozipigisha indiketa, ikiwa ya zamani inapima umeme unaovutwa na balbu. LED zinavuta kidogo sana, flasha inadhani balbu moja imeungua, inapiga haraka kumwonya dereva. Abadilishe flasha, anunue ya elektroniki inayokubali LED. Kuna wanaofunga rezista, zinafanya kazi lakini zinapata moto sana. Asizifunge karibu na plastiki wala waya.

Mtu wa Tanga

Mwanzisha uzi, zile kava zako ulizotoa ulizifanyia nini? Mkia na ile ya juu ya taa nina pa kuziweka.

Kipanga wa Kigamboni

Mkia upo bado kwenye pikipiki, sikuugusa. Ya juu ya taa ipo stoo na kifremu chake, vioo, bolti zote kwenye mifuko yenye majina. Siuzi mkuu, siku nikiiuza pikipiki mnunuzi atachukua na hivyo. Za pembeni ndizo zilizokuwa zimechanika, kama unazitaka za kuunga faiba njoo inbox, ni gharama ya basi tu.